HOTUBA: Chuo chako kinalipa shilingi ngapi za umeme?

(Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa kwenye kikao cha vijana wa chama mkoani Tabora. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)



Nimepewa dakika chache nizungumzie nishati jadidifu kwenye vyuo vya umma. Najua wengine mkisikia "nishati jadidifu" mnaanza kuangalia simu, kwa hiyo naanza na swali jepesi. Wewe unayesoma chuo cha umma hapa Tabora, iwe Utumishi wa Umma, Ualimu, Ardhi, Reli, Nyuki au VETA: mwezi uliopita chuo chako kililipa shilingi ngapi za umeme? Anayejua anyooshe mkono.

Basi, hapo ndipo hoja yangu ilipo. Ada tunaijua mpaka senti ya mwisho, kwa sababu usipolipa hufanyi mtihani. Lakini bili ambayo ada hiyo inakwenda kulipa hatuijui. Na fedha usiyojua inatumikaje huwezi kudai iokolewe.

Tuko Unyanyembe, ndugu zangu. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa lazima ipumzike hapa. Babu zetu Wanyamwezi ndio waliobeba, mpagazi mmoja frasila mbili begani, mwendo wa miezi. Njiani kila mtemi alidai hongo. Enzi hizo hongo haikuwa rushwa, ilikuwa ushuru wa kupita, ikilipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Sasa mkuu wa msafara mwenye akili hakuondoka pwani kabla hajapiga hesabu: watemi wangapi, hongo kiasi gani, kitabaki nini cha kununulia chakula. Asiyepiga hesabu aliishia porini, mzigo chini, wapagazi wamemkimbia.

Vyuo vyetu leo vinalipa hongo kila mwezi bila kupiga hesabu hiyo hadharani.

Tuipige sisi. Bei za umeme zinapangwa na EWURA, na zilizoanza kutumika Aprili 2016 ndizo nitakazotumia. Mteja wa daraja la T1 analipa shilingi 292 kwa uniti. Akizidi uniti 7,500 kwa mwezi anahamia T2, ambako uniti inashuka hadi shilingi 195, lakini anaongezewa shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1.

Hiyo kVA ya kilele wengi hawaijui, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. TANESCO haihesabu uniti peke yake. Inaangalia pia ni wakati gani katika mwezi mzima mlivuta umeme mwingi kwa mpigo. Kama saa tano asubuhi pampu ya kisima inavuta, viyoyozi vya ofisi vimewashwa vyote, karakana inachomelea na jiko linachemsha, basi kilele hicho mtakilipia mwezi mzima hata kama kilidumu nusu saa tu. Chuo kikipanga pampu ivute alfajiri badala ya saa tano na kikapunguza kVA 20, kinaokoa shilingi 300,080 kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 3.6, na hujanunua paneli hata moja. Umebadilisha ratiba ya fundi wa maji tu.

Kwa hiyo tusianze na sola. Tuanze na ratiba, na taa, na friji la kantini lililochoka ambalo linanguruma usiku kucha. Kuokoa kunaanzia kwenye kile unachopoteza.

Baada ya hapo ndiyo tunapanda juu ya paa. Na kwa jua, wana Tabora hatuna sababu ya kulalamika. Tanzania inapata kati ya uniti 4 na 7 za nguvu ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku, na ukanda huu wa kati, Dodoma, Singida, Shinyanga na sisi, ni katika maeneo yanayopata vizuri zaidi. Serikali yenyewe inalijua hilo. Ndiyo maana TANESCO ilichagua Kishapu, hapo kwa majirani zetu Shinyanga, kujenga mradi wa sola wa megawati 150, awamu ya kwanza ikiwa megawati 50. Jua la Kishapu na jua la Kiloleni ni jua lile lile.

Halafu angalia chuo kinatumia umeme saa ngapi. Ofisi, maabara, kompyuta, karakana, pampu: vyote vya mchana. Nyumba ya mtu inahitaji umeme usiku, jua limeshazama. Chuo kinauhitaji zaidi jua likiwa kichwani. Kwa hiyo hata bila benki kubwa ya betri, ambayo ndiyo ghali, sola inapunguza bili.

Tuchukue mfano, na nasema ni mfano wa hesabu, siyo bei ya dukani. Chuo kinafunga kilowati 50 juu ya mapaa. Kwa jua letu, kilowati moja inaweza kutoa kama uniti 1,500 kwa mwaka. Zote ni uniti 75,000. Kwa chuo cha T1 hiyo ni shilingi milioni 21.9 kwa mwaka. Kwa chuo cha T2 ni milioni 14.6, kabla ya kodi na tozo. Tuseme mtambo umegharimu milioni 120. Chuo cha T1 kinarudisha fedha yake ndani ya miaka mitano na nusu, cha T2 miaka minane na kidogo. Paneli nyingi zinauzwa na dhamana ya miaka 25.

Mnaona kwa nini nasema tujue bili kwanza? Mtambo ule ule, jua lile lile, lakini chuo kimoja kinafaidika haraka na kingine kinasubiri. Atakayekuja kuwaambia sola ni bure, mwambieni alete karatasi.

Kuna na jambo la jenereta. Lita moja ya dizeli inatoa kama uniti tatu. Dizeli ikiwa shilingi 2,700, uniti moja ni shilingi 900 za mafuta peke yake, hujaweka oili wala fundi. Ni mara tatu ya bei ya T1. Na mafuta hayo yametua bandarini Dar es Salaam, yakasafirishwa zaidi ya kilomita 800 kuja huku, kwenye uelekeo ule ule wa misafara ya zamani. Tofauti ni kwamba zamani mzigo ulishuka na sisi tukalipwa ujira. Leo mzigo unapanda na sisi ndio tunaolipa.

Nijibu sasa maneno ambayo mtayasikia mkitoka hapa.

La kwanza: "Umeme upo mwingi, Bwawa la Nyerere limekamilika, megawati 2,115, sola ya nini?" Ni kweli bwawa lipo, mitambo yake tisa imewashwa, na ni mali ya Watanzania wote. Tuwe wakweli, mgao ule wa mwishoni mwa 2023 ulituumiza na bwawa limesaidia. Lakini maji kujaa Rufiji hakujapunguza bili ya chuo chako. Na kuwa na umeme mwingi Rufiji siyo sawa na umeme kufika Tabora bila kukatika. Kati ya hapo na pale kuna nyaya, nguzo, transfoma na mvua ya radi.

La pili: "Tukifunga sola, umeme ukikatika hatutakosa." Hapa wanatudanganya wauzaji. Mtambo wa sola uliounganishwa na gridi bila betri huzima gridi ikizima, kwa usalama wa mafundi walioko kwenye nguzo. Ukitaka maktaba na maabara viwake wakati umeme umekatika, lazima uwe na inveta inayokubali betri, na betri za kutosha sehemu hizo. Iandikwe kwenye zabuni tangu mwanzo. Isije ikagundulika siku ya mtihani.

La tatu: "Sola zinakufa." Kweli, tumeziona za msaada kwenye zahanati na shule. Miaka michache betri zimekwisha, paneli zimejaa vumbi, hakuna aliyetenga hata shilingi ya matengenezo. Lakini hicho ni kifo cha bajeti, jua halina kosa. Na sisi mafundi tunao. VETA iko hapa mjini na vijana wake wanafundishwa umeme. Wakabidhiwe mitambo ya vyuo vya mkoa huu waitunze kama sehemu ya mafunzo kwa vitendo. Chuo cha Ufundi Arusha kilikabidhiwa kituo cha zamani cha umeme wa maji cha Kikuletwa, wilayani Hai, na kikakigeuza kuwa mahali pa kufundishia nishati jadidifu. Kile ni chuo cha umma kama cha kwako. Na Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifunga kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, kikasaini mkataba wa kuuza umeme kwa kampuni ya umeme ya Kenya. Strathmore ni cha binafsi, ndiyo. Lakini swali ni lile lile: mbona wenye fedha yao wanapiga hesabu, na wanaotumia fedha yetu hawapigi?

Sisi nasi njia ipo. Tangu 2018 EWURA ina kanuni zinazomruhusu mwenye sola kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kufidiwa kwenye bili yake. Fikiria likizo ndefu: wanafunzi wamekwenda nyumbani, paneli zinaendelea kuzalisha. Umeme ule usipotee.

Na jikoni nako tusipasahau. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa. Agizo ni zuri, sisi wa Tabora ndio tunaojua miombo yetu inavyokwisha, mkaa huku, kukausha tumbaku kule, na nyuki wanahama. Lakini agizo bila fungu la fedha linaishia kuwa mzigo wa mwanafunzi. Gesi ikipanda, sahani ya ubwabwa kantini inapanda. Fedha inayookolewa kwenye umeme ndiyo ingenunua majiko hayo.

Mnakumbuka Machi 2017, Rais Magufuli akiwa Mtwara aliiagiza TANESCO ikate umeme kwa wadaiwa wote, hata kama ni Ikulu. Watu walipiga makofi. Lakini taasisi ya umma ikikatiwa umeme, bosi anarudi kwake kwenye LUKU yake. Anayebaki gizani ni mwanafunzi wa hosteli anayesoma kwa tochi ya simu. Nidhamu ya bili haiji kwa kukata waya. Inakuja kwa kuweka bili mezani watu waione.

Kwa hiyo tunaondoka hapa na kazi.

Moja. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kila tawi letu lenye chuo liandike barua, kwa lugha ya heshima, liulize mambo manne: uniti zilizotumika kwa miezi 12, daraja la bei, kVA ya kilele ya kila mwezi, na lita za dizeli zilizonunuliwa. Usitukane mtu. Omba namba, tunza nakala, andika tarehe.

Mbili. Wawakilishi wetu kwenye serikali za wanafunzi wadai bili ibandikwe ubaoni kila mwezi, pale pale yanapobandikwa majina ya wasiolipa ada. Kama jina langu linaweza kubandikwa, na bili inaweza.

Tatu. Ikija zabuni ya sola, iwe wazi, na mkataba uwe na fungu la matengenezo. Na fedha inayookolewa ibaki chuoni, iandikwe imekwenda wapi: vitanda, vitabu, jiko. Isipoandikwa italiwa, na hapo hongo itarudi na maana yake ya leo.

Wengine watasema haya ni mambo madogo, chama cha upinzani kinatakiwa kuzungumza katiba na tume huru. Tutayazungumza hayo, na hatutaacha. Lakini mtu anayezoea kudai bili ya chuo akiwa na miaka 21, akifika 40 hatashindwa kudai hesabu ya halmashauri. Wapagazi walipofika hapa walitua mizigo na kudai ujira wao, hawakumsubiri mtu awakumbuke. Barua ya kwanza nataka iwe imefika masjala ya chuo Jumatatu, ikiwa na mhuri wa kupokelewa.