Kufuatilia Si Kutelekeza

Msikilizaji, mwanamume akiambiwa ana saratani ya tezi dume, nyumba nzima husema neno moja: itolewe upesi. Hofu hiyo naielewa. Lakini kuna saratani ya tezi dume iliyo ndogo, inayokua taratibu mno, na mzee anaweza kuishi nayo hadi aje kufa kwa maradhi mengine kabisa.

Nchini Uingereza, utafiti uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 mafungu matatu: wengine wakafuatiliwa kwa vipimo bila kutibiwa mara moja, wengine wakapasuliwa, wengine wakapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Katika kila fungu, wagonjwa wapatao 97 kwa kila 100 hawakuuawa na saratani hiyo. Waliopasuliwa ndio walioteseka zaidi kwa kuvuja mkojo, na wengi wakapoteza nguvu za kiume. Hayo ni mambo mazito ndani ya ndoa, hata kama tunaona haya kuyataja redioni.

Ila tusifiche upande wa pili. Kwa waliofuatiliwa, saratani ilisambaa mwilini mwa 9 kwa kila 100, karibu maradufu ya wenzao. Tukumbuke kwamba wakati ule ufuatiliaji ulitegemea zaidi kipimo cha damu cha PSA. Picha ya MRI haikuwa sehemu yake.

Leo ipo. Utafiti mwingine wa Uingereza, PROMIS, wa mwaka 2017, ulionyesha kuwa MRI ilinasa saratani hatari 93 kwa kila 100, wakati sindano ya kawaida ya kuchukua kinyama, inayochomwa bila picha hiyo, ilinasa 48 tu. Tena mashine hii hutumia sumaku, haina mionzi ya eksirei, kwa hiyo kurudia picha hakumwongezei mgonjwa mzigo huo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2019 unataka PSA kila miezi 3 hadi 4 katika mwaka wa kwanza, kisha MRI kati ya mwezi wa 12 na wa 18.

Hata hivyo, picha peke yake haitoshi. Huweza kukosa kuuonyesha uvimbe, ndiyo maana sindano bado ina kazi yake.

Baba yangu unayenisikiliza, daktari akikwambia saratani yako ni ya kufuatiliwa, usitoke chumbani mwake kabla hujaandikiwa tarehe: PSA lini, MRI lini, na kitu gani kikibadilika ndipo matibabu yaanze.