Kibarua wa Kahawa na Maandishi ya Mwajiri



Msimu wa kuchuma kahawa unapofika Mbozi, mapatano ya kazi hufanywa kwa mdomo kando ya shamba: debe kwa bei fulani, malipo siku fulani. Kahawa ikisha kupelekwa ushirika, hesabu ya kibarua na ya mwajiri huweza kutofautiana, wala hapana shahidi.

Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilimkinga mfanyakazi asifukuzwe ovyo, kwa kuunda Kamati za Wafanyakazi. Lakini kamati hizo zilihitaji wanachama kumi au zaidi wa chama cha wafanyakazi mahali pa kazi. Kinga hiyo ilifaa viwandani na kwenye mashamba makubwa ya mkonge. Kwa mkulima mwenye vibarua watano haikufika.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imefika hata huko. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi juu ya kazi yenyewe, mahali, saa na ujira. Asiyeelewa maandishi sharti aelezwe kwa njia anayoielewa. Tena shauri likizuka na mwajiri asiweze kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mapatano huwa wake, si wa kibarua. Basi mwajiri anayekwepa kuandika akidhani anajikinga, hujifunga mwenyewe.

Ni kweli kwamba mwajiri wa Igamba mara nyingi naye ni mkulima tu, anayengoja fedha za mazao. Hata hivyo sheria inataka ujira ulipwe siku iliyopatanwa. Kuchelewa kwa fedha za ushirika si deni la kibarua.

Sheria hiyo ina upungufu wake. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita, na wachumaji wengi hawafikishi muda huo. Wa msimu amepewa haki ya likizo yenye malipo, lakini ataidaije ikiwa siku zake hazikuandikwa popote?

Daftari la shule linatosha: jina, tarehe, madebe, bei, na sahihi au dole gumba la kila upande. Ugomvi wa ujira hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na daftari hilo lichukuliwe pamoja.