Kitabu Kiko Ndani ya Mashini
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Ankoro



Mulituomba tuseme juu ya vijana wanaojifunza lugha ya programu, ile inaitwa Python. Wengine wanauliza: mtu aliyerudi na sufuria na mkeka tu, ordinateri itamusaidia nini? Swali ni la haki. Tutajibu kwa jambo moja lililotupata.

Vijana walikuwa wanaandika programu ndogo ya kupanga majina ya familia kwa alfabeti. Walitaka siku ya kugawa mbegu, mama asisimame juani tangu asubuhi akingoja tutafute jina lake kwenye daftari. Wakaandika: orodha = orodha.sort(). Walipoomba mashini ionyeshe orodha, ikatoa neno moja: None. Ni kusema, hakuna kitu. Majina yote, hayako! Na mbegu zilikuwa za kugawa kesho yake.

Sisi tuliosoma chuo kikuu hatukujua sababu. Tulizoea kupigia rafiki simu Kalemie, ao kununua mega na kutafuta kwenye intaneti. Ile siku rezo ilikuwa imekatika. Tulianza kusema, basi turudie daftari.

Ndipo binti mmoja akaandika help(list.sort). Maelezo yakatokea pale pale, bila rezo, bila franka. Yalikuwa kwa Kiingereza, tukayasoma pamoja polepole. Yanasema: sort inapanga orodha ile ile pale ilipo, na inarudisha None. Kumbe sisi wenyewe tulichukua hiyo "hakuna kitu" tukaiweka mahali pa majina. Dawa ni kuandika orodha.sort() peke yake, ao kutumia sorted(orodha), ambayo inatoa orodha mpya na kuacha ya zamani vile ilivyo. Majina kwenye faili yalikuwa mazima bado. Tukayasoma upya, yakapangika.

Hiyo help si uchawi. Python, ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991, inabeba maelezo yake ndani. Ukiandika dir(orodha), inakutajia vitendo ambavyo orodha inaweza. Ukiandika help(sorted), inaeleza kitendo kimoja. Ukurasa ukijaza skrini, bonyeza q utoke. Kwenye ordinateri za Linux, neno man linafungua kitabu cha amri. Desturi hiyo inatoka kwa Unix: Ken Thompson na Dennis Ritchie walitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1971, huko Marekani.

Lakini tusidanganyane. Kitabu hicho ni kikavu. Kinasema chombo kinafanya nini, hakisemi wewe unataka nini. Na vijana wetu wanasoma Kifaransa na Kiswahili, Kiingereza ni mlima. Juu ya hiyo tumeweka utaratibu. Kwanza, soma neno la kosa hadi mwisho. Pili, uliza help. Tatu, jaribu kwa orodha ya majina matatu ya kubuni, usiguse majina ya watu. Ukishindwa, ndipo umuite mwenzako. Na kila neno la Kiingereza tunalolielewa, tunaliandika kwenye daftari la kikundi kwa Kiswahili chetu. Neno la kwanza lilikuwa "kurudisha".

Kwa nini tunalisema mbele yenu? Sisi watu wa tereni tunakuja na tunaenda. Mradi una mwisho wake. Kama vijana wanatuuliza sisi kila kitu, siku tukiondoka kazi nayo itaondoka. Kijana anayejua kuuliza mashini yenyewe atabaki na mwalimu, hata kama hakuna rezo, hata kama sisi hatuko.

Wafadhili, hatuombi ordinateri mpya. Tunaomba kamusi mbili za Kiingereza na Kifaransa, na betri ya kutunza umeme wa jua ili tusome jioni. Wazazi, tunaomba mabinti nao wapewe hiyo saa moja ya jioni. Aliyeokoa orodha ya mbegu alikuwa binti wenu.