Nyumba Kumi: Mipaka ya Kazi

Msikilizaji wa Kariandusi, mifugo wakiibwa usiku wa manane, jirani ndiye hufika kwanza. Askari mashinani ni wachache, na eneo la Gilgil ni pana. Ndiyo maana Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ilitambua kamati za polisi na jamii. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama wao, ikafuata 2013.

Lakini tuelewane: mzee wa Nyumba Kumi hana pingu wala mahakama. Kumpiga mshukiwa, hata aliyekutwa na kamba ya ng'ombe mkononi, ni kosa la jinai. Kazi ya mzee ni kuwafikishia chifu na polisi habari mapema.

Ukiripoti kituoni, dai nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio. Nambari hiyo hailipiwi. Kwa dharura, piga 999 au 112.