Kilalo cha miguu na cha kinga juu ya Mulongwe: tupime kwanza, kisha tujenge



Sisi tunaosema hapa tuko na diplome, lakini kazi hatuna. Kati yetu kuna waliosoma ujenzi, waliosoma sheria, waliosoma uchumi. Asubuhi tunaamka kama watu wote, tunatembea kwa miguu, tunavuka Mulongwe. Leo hatukuja kuomba kazi. Tumekuja kusema juu ya ile kuvuka.

Mji wetu wa Uvira ni mrefu na mwembamba. Magharibi ni milima ya Mitumba, mashariki ni ziwa Tanganyika, na mito inashuka milimani kukata mji vipande-vipande. Mwenye gari iko na barabara kubwa, RN5. Lakini wengi wetu hatuna gari. Kuna baba anayesukuma kinga yenye magunia ya makala. Kuna mama mwenye beseni ya ndagala kichwani. Kuna watoto wa masomo. Hao wote wanagawana barabara na malori na motari. Wakiogopa, wanashuka kuvuka kwa mawe, ndani ya maji. Na mvua ikinyesha kule milimani, hata kama huku chini jua linawaka, maji yanafika bila kupiga hodi.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 hatujausahau. Mulongwe ilitoka kwenye njia yake. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka, madaraja yakaharibika, mabomba ya maji ya kunywa yakakauka. Juu ya hiyo tunaomba kilalo cha miguu na cha kinga. Na juu ya hiyo pia tunaomba kisijengwe haraka-haraka ili mtu apate picha ya kukata utepe.

Tunasema mambo manne.

La kwanza ni mto wenyewe. Mulongwe haileti maji tu, inaleta mawe, mchanga na miti mizima. Ikifika mahali tambarare, nguvu yake inapungua, inatua ile mizigo, na chini ya mto inapanda mwaka kwa mwaka. Njo maana kilalo kinachoonekana kirefu leo kinaweza kuwa kifupi kesho. Kwa hiyo nguzo katikati ya mto tunaikataa: itakamata miti, miti itakamata mawe, na maji yatatafuta njia ndani ya nyumba za watu. Kilalo kiruke mto mara moja, ukingo mpaka ukingo. Inawezekana. Nchi ya Nepal, yenye milima kuliko sisi, iko na maelfu ya vilalo vya miguu vinavyoshikwa na kamba za chuma, na vingi vilijengwa na vijiji vyenyewe pamoja na mainjeniere. Misingi ichimbwe chini kuliko pale maji yanaweza kula udongo, na kingo zilindwe kwa vikapu vya waya vilivyojaa mawe. Urefu wa kwenda juu tusiukadirie ofisini: wazee na majirani wa mto wanajua maji ya 2020 yalifika wapi. Waonyeshe alama, ipimwe, na kilalo kipite juu yake.

La pili ni watu. Upana usipungue mita 3, ili kinga yenye mzigo na mama mwenye beseni wapishane bila mmoja kurudi nyuma. Njia ya kupandia isiwe ngazi. Kila mita 1 ya kupanda inaomba mita 20 za njia, kwa hiyo kilalo kikiwa juu kwa mita 3, njia iwe na mita 60 kila upande. Hiyo nafasi ni kiwanja cha watu. Wenye kiwanja waitwe na walipwe mbele ya kazi kuanza, hapana kufukuzwa asubuhi moja na bulldoza. Na miingilio iwekwe vyuma vya kuzuia gari.

La tatu ni uzito. Mainjeniere wanahesabu karibu kilo 500 kwa kila mita mraba, sawa vile kilalo kimejaa watu siku ya soko. Tuseme, kwa mfano, urefu mita 40 na upana mita 3: ni tani 60. Na kubeba peke yake haitoshi. Kule London walifungua kilalo cha miguu, Millennium Bridge, Juni 2000. Kilikuwa na nguvu ya kutosha, lakini watu wengi walipotembea juu yake kikaanza kuyumba huku na huku. Kilifungwa baada ya siku 2, na kilifunguliwa tena 2002, kisha kuwekewa vyombo vya kupunguza mtikisiko. Kama matajiri walisahau kuhesabu hatua za watu, sisi tusisahau.

La nne ni franga. Katiba yetu, kifungu cha 175, inasema majimbo yapate asilimia 40 ya mapato ya taifa. Hatusemi zawadi, tunasema haki. Bei ya kilalo, jina la mjenzi na siku ya kumaliza viandikwe kwenye ubao, kwa Kiswahili, pale pale penye kazi.

Na sisi tutatoa nini? Tutakaa kando ya mto siku 7, tangu saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, tukihesabu kila mtu na kila kinga inayovuka. Hesabu tutaibandika mahali wote wasome, na moja tutaipeleka kwa meya. Tutapima na kuchora, bila kuomba makuta. Siku ya salongo ya kujaza mawe, mtatukuta tumefika.

Kwa viongozi tunaomba kitu kimoja leo: mtuambie siku gani injeniere wa serikali atashuka mtoni pamoja na sisi. Tarehe, hapana ahadi. Tutaiandika hapa mbele ya wote, na siku hiyo tutakuwa pale.



Sisi vijana raia wa Uvira