Kitabu Huenda na Kurudi
Hotuba kwa wazee, walimu na wasomaji wa vijijini

Wazee wangu, walimu, na ndugu zangu mnaojua kusoma,

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya maktaba za watu wote, yaani nyumba za vitabu ambazo kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mwenye mali na asiye nayo, ana ruhusa kuingia. Nawasihi mnisikilize kwa uvumilivu, maana jambo hili latuhusu sisi wa mashamba kama liwahusuvyo watu wa mjini.

Wengi hudhani kwamba maktaba ni ghala ya vitabu. Sivyo. Kazi ya ghala ni kuweka. Kazi ya maktaba ni kutoa. Ndani yake mna chumba cha kusomea vitabu na magazeti. Mna mahali pa watoto. Mna vitabu vya kuazima na kwenda navyo nyumbani kwa siku zilizopangwa. Na siku hizi katika nyingine mna kompyuta pia. Katika maktaba zinazofuata utaratibu wa Dewey, uliotolewa mwaka 1876, vitabu hupangwa kwa namba: vya uganga wa hospitali vimo katika 610, vya kilimo na mifugo katika 630, vya nchi na mambo ya kale katika 900. Lakini asiyejua namba asione haya. Na amwambie mtunza maktaba, "Kuku wangu wanakufa, nataka kitabu kitakachonifaa," naye ataonyeshwa, maana hiyo ndiyo kazi ya mtunza maktaba.

Mambo haya hayakuja kwa siku moja. Maktaba ya McMillan, Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, nayo ikapeleka vitabu mashambani katika masanduku, na kwa njia ya posta kwa wasomaji waliokaa mbali. Baada ya Uhuru, Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Kenya ikafuata mwaka 1965. Jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, lilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967. Tena mwaka 1996, huko Garissa katika Kenya, ngamia walianza kuchukua vitabu kuwafuata wafugaji wanaohamahama. Basi mwaona: kitabu kimesafiri katika sanduku, kwa posta, na juu ya mgongo wa ngamia, ili kimfikie msomaji.

Lakini safari hiyo yote huvunjwa na mambo mawili. La kwanza ni mtu aazimaye asirudishe. Wahenga walisema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Kitabu kikiazimwa kwa majuma mawili mawili, waweza kukisoma watu 26 katika mwaka mmoja. Anayekificha mwaka mzima chini ya kitanda chake amewanyima wenzake 25.

La pili ni mlinzi aogopaye hasara. Huyu hufungia vitabu kabatini na kutia ufunguo mfukoni, ili siku ya mkaguzi vionekane vyote, tena safi. Nasema kwa heshima, maana nafahamu hofu ya mtu atakayeulizwa. Hata hivyo, huyu naye amewanyima watu, tena wote 26. Mwazimaji mbaya amezuia kitabu kimoja. Kabati limezuia vyote.

Dawa ipo, nayo haihitaji fedha nyingi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwalimu aandike jina la msomaji, jina la kitabu, siku kilipotoka na siku kitakaporudi. Mzee wa kijiji naye, watu wakutanikapo barazani, awakumbushe waliochelewa, kwa upole, pasipo kuwaaibisha. Na kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kisihesabiwe kuwa hasara. Kimefanya kazi yake, kama jembe lililolika kwa kulima.

Nasema haya kwa ajili ya vijana wetu. Wazazi wamejinyima ili mtoto ajue kusoma. Akimaliza shule, akakaa miaka mitano pasipo kitabu, elimu ile hushika kutu, na jasho la wazazi limepotea. Lakini akiazima kitabu, jioni aweza kuwasomea baba na mama habari za mbegu, za maradhi ya mifugo, au za kulea watoto wachanga, hata wasiojua kusoma wakapata fungu lao.

Basi, aliye na kitabu cha watu nyumbani mwake na akirudishe. Na aliye na ufunguo wa kabati na afungue.