Makaa ya Mawe na Siku Zijazo



Twasikia mara nyingi ya kwamba zama za makaa ya mawe zimekwisha. Jioni hii twaomba tulipime neno hilo kwa hesabu, kama iwapasavyo makarani.

Mwaka 1913 Uingereza ilichimba tani zipatazo milioni 290, na watu zaidi ya milioni moja walipata riziki yao machimboni. Mwezi wa Desemba 2015 shimo lake la mwisho la kina kirefu, Kellingley, lilifungwa. Na tarehe 30 Septemba 2024 Ratcliffe-on-Soar, mtambo wake wa mwisho wa kufua umeme kwa makaa, ulizimwa. Atazamaye huko tu atasema makaa yamekufa.

Lakini mwaka huo huo wa 2024 dunia ilitumia makaa kuliko mwaka wowote uliotangulia, yaani zaidi ya tani bilioni 8, na zaidi ya nusu yake ilitumika China. Basi makaa hayakufa, yamehama. Na huko China nako mitambo ya jua na ya upepo yajengwa kwa wingi.

Neno letu ni hili: kazi huweza kwisha hali makaa yangalimo ardhini. Huko Uingereza vijiji vingi vya wachimbaji vilibaki katika dhiki, kwa kuwa kazi nyingine haikuwa tayari. Nchi zichimbazo leo na ziweke akiba, ziwafunze vijana wao kazi nyingine, wakati mishahara ingali yalipwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.